Mama arudi kazini au abaki nyumbani afungue duka? Hesabu ya makato kwa mfano wa Mbeya mjini

Uyole_Juu ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Naleta hesabu ya familia moja hapa Mbeya, naomba wanaojua masuala ya mishahara na kodi waikague.

Baba ni mtumishi wa halmashauri, mshahara ghafi 1,100,000 kwa mwezi, yuko PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na NHIF (bima ya afya). Mama yuko kampuni binafsi upande wa Mafiati, mkataba wa kudumu, mshahara ghafi 620,000, anachangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 na bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Likizo yake ya uzazi inaisha mwezi ujao. Wanaishi Uyole.

Akirudi kazini: dada wa kazi 90,000, chakula na mahitaji ya dada 70,000, nauli na chakula cha mchana cha mama 85,000. Jumla 245,000. Ukitoa na makato ya kwenye slipu, mama anabaki na 192,400. Ndugu wa pande zote mbili wanasema kwa kiasi hicho heri aache, apewe mtaji wa 3,000,000 afungue duka la mchele na nafaka karibu na nyumbani. Kuna pia hoja kwamba mke na mume wote wakiwa na mshahara, serikali inawatoza kodi kubwa zaidi. Na baba anaweza kuhamishiwa Makete, mkoa wa Njombe, muda wowote.

Je, hiyo 192,400 ndiyo thamani halisi ya kazi ya mama? Nini kimesahaulika?

---

Slipu_Mafinga amejibu:

Kamwene. Tuanze na hoja ya kodi kwa sababu ndiyo inayopotosha watu wengi, na haina ukweli wowote kwetu.

PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya Tanzania Bara haijui kama umeoa, umeolewa au una watoto sita. Jedwali ni moja kwa kila mfanyakazi: hadi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, juu ya hapo 30. Kila mwenzi anaanza na 270,000 yake isiyotozwa kitu.

Mama: 620,000 toa NSSF 62,000, kinachotozwa kodi ni 558,000. Kodi ni 20,000 kwa sehemu ya hadi 520,000, ongeza asilimia 20 ya 38,000 ambayo ni 7,600. Jumla 27,600. Mkononi 530,400 kabla ya Bodi ya Mikopo.

Baba: 1,100,000 toa PSSSF asilimia 5, yaani 55,000, inabaki 1,045,000. Kodi ni 128,000 ongeza 13,500, jumla 141,500. NHIF asilimia 3 ni 33,000, nayo haipunguzi kiwango cha kutozwa kodi. Mkononi 870,500, ukiacha ada ya chama cha wafanyakazi kama yumo.

Sasa angalieni. Zipo nchi kama Marekani na Ujerumani ambako mke na mume huweza kukokotolewa kodi kwa pamoja, na kwa utaratibu huo kipato cha mwenzi wa pili huanza kutozwa pale kilipoishia cha wa kwanza. Tungefanya hivyo hapa kwa jedwali letu hilihili, ile 558,000 ya mama yote ingeangukia asilimia 30, kodi 167,400 badala ya 27,600. Nadhani watu huisikia habari ya huko wakaileta nyumbani bila kuipima. Kwetu kodi ya mama ni chini ya senti tano katika kila shilingi anayolipwa. Anayetaka kumtoa mama kazini kwa sababu ya kodi, hoja hiyo aiweke chini.

Tena jedwali linasema kinyume cha tulivyozoea. Kila 100,000 ya ziada anayolipwa baba, iwe posho au saa za ziada, inakatwa kodi 30,000. Ya mama inakatwa 20,000. Kama kuna saa za ziada za jioni za kugombewa katika nyumba hiyo, kila mmoja kwa mwajiri wake yuleyule, inalipa zaidi akizifanya mama na baba akabaki na mtoto.

Kuhusu Bodi ya Mikopo: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa mama ni 93,000. Hilo si gharama ya kufanya kazi, ni deni. Akiacha kazi deni halifi. Aliyejiajiri naye anatakiwa kurejesha, na kiwango chake si chini ya 100,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kuitoa 93,000 upande wa "akirudi kazini" na kuisahau upande wa "akifungua duka" ni kuipendelea hesabu ya duka kwa shilingi zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mkiiondoa pande zote mbili, mama anabaki na 285,400, si 192,400.

---

Kihesa_Mikataba amejibu:

Mchango wa Slipu_Mafinga umenyooka. Naongeza lililo nje ya slipu.

Mwajiri wa mama anaweka NSSF asilimia 10 nyingine, 62,000. Kwa mwezi zinaingia 124,000 kwa jina la mama, kwa mwaka 1,488,000. Pensheni ya uzeeni inadai miezi 180 ya michango. Miaka 15 hiyo ndiyo inayowaangusha wanawake wengi: anafanya kazi miaka minne, anaacha akizaa, anarudi baada ya miaka sita, anaacha tena kumfuata mume. Anafika miaka 55 ana miezi 110, na baba aliyefanya kazi bila kukatika ana pensheni kamili. Mama akiacha, aulizie NSSF utaratibu wa mchangiaji wa hiari siku ileile anayokabidhi ofisi, asingoje duka lichanganye.

Akiacha kwa hiari yake, fao la kukosa ajira hapati. Fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye ajira yake imekoma si kwa kuacha mwenyewe. Barua ya kuacha kazi inalifuta. Kuna waajiri wanaomshauri mzazi "andika tu barua, tutakuita baadaye". Asiandike.

Bima ya afya haipotei katika familia hii kwa sababu baba yuko NHIF na mwenzi na watoto wanaingia kama wategemezi. Ingekuwa kinyume, yaani mama ndiye mwenye bima na baba ni fundi wa kujitegemea, mazungumzo yangekuwa tofauti kabisa.

Kabla ya kuamua kuacha, mama atumie haki ambazo wengi hawazidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo hiyo haigusi siku 28 za likizo ya mwaka. Akikuta zimeunganishwa, adai zake. Akirudi ana hadi saa mbili kila siku ya kazi za kunyonyesha. Hapa ndipo watu wanapopoteza: wanaziomba kwa mdomo, msimamizi anabadilika, zinayeyuka. Aandike barua moja kabla ya kurejea, aseme saa moja asubuhi na moja jioni, kwa hiyo anaingia saa 3:00 na kutoka saa 10:00, nakala abaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Kwa mtu wa Uyole anayefanya kazi Mafiati, kuepuka msongamano wa asubuhi na jioni ni nafuu kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Akiachishwa kwa sababu ya mimba au uzazi, hiyo si sababu halali hata kidogo. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30 kwa fomu namba 1. Ofisi zipo Mbeya na Iringa. Siku hizo huisha haraka kwa mtu mwenye mtoto mchanga, na wengi hufika siku ya 50 wakiwa wameandamana na ushahidi mzuri uliochelewa.

Kisha fao la uzazi la NSSF. Hili ni tofauti na mshahara wa likizo anaolipa mwajiri. Awe amechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Aende na kitambulisho, kadi ya kliniki na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mtoto. Linalokwamisha mara nyingi ni mwajiri asiyewasilisha michango: slipu inaonyesha makato, taarifa ya NSSF ina mapengo. Achukue taarifa ya michango leo.

Kwa Sheria ya Ajira baba naye ana likizo, angalau siku tatu tu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Sheria yenyewe imekwisha kuamua nani atabaki na mtoto, na mimi sioni kama hilo ni sawa kwa mama wala kwa baba.

---

Mwanjelwa_Daftari amejibu:

Mimi nazungumzia duka tu, kwa sababu mtaji wa 3,000,000 unatajwa kama vile ni mshahara.

Mchele na nafaka ni biashara ya faida nyembamba. Chukueni asilimia 15 ya mauzo kuwa faida ghafi, na hiyo ni kwa mtu anayejua kununua Mbarali au Kyela mavuno yanapotoka, si kwa anayechukua kwa jumla hapa Mwanjelwa. Fremu, yaani chumba cha duka, tuseme 60,000 kwa mwezi.

Kodi ya mfanyabiashara mdogo inakokotolewa kwa mauzo, si kwa faida. Mauzo hadi 4,000,000 kwa mwaka hakuna kodi. Kati ya 4,000,000 na 7,000,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000. Asiye na kumbukumbu 100,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, mwenye kumbukumbu 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000, asiyenazo 250,000. Kuanzia hapo hadi 100,000,000 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Mama anataka kufidia 285,400. Katika kila shilingi 100 ya mauzo ana faida 15, kodi inachukua 3.5, zinabaki 11.5. Jumlisha 285,400 na fremu 60,000, gawanya kwa 0.115: anahitaji mauzo ya takriban 3,003,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 ni kama 115,500 kila siku, jua na mvua. Mwaka ni kama 36,000,000, na mauzo ya kiwango hicho yanadai mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Hapo sijaweka leseni ya biashara ya halmashauri, ushuru wa taka, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, umeme, wala mchele anaokopesha majirani.

Na mtaji? Mwenye fremu anataka miezi sita mbele, 360,000. Toa mizani, mbao za rafu, turubai, leseni. Mzigo utakuwa kama 2,300,000. Mauzo ya 3,003,000 yana mzigo wa 2,550,000 ndani yake, kwa hiyo stoo nzima lazima iishe na kujazwa zaidi ya mara moja kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza. Duka jipya la mtaani Uyole haliendi hivyo. Miezi sita ya mwanzo ni ya kula mtaji.

Mnaona ubaya wa kodi ya mauzo kwa biashara za namna hii? Asilimia 3.5 ya mauzo kwa mwenye faida ya 15 ni karibu robo ya faida ghafi. Kwa fundi cherehani ambaye nusu ya anacholipwa ni nguvu zake, kodi hiyohiyo ni kidogo. Na ukipita sokoni, wenye mabeseni ya mchele, maharage na unga ni akina nani? Mama kama ana ujuzi wowote wa mkono, kushona, kusuka, kupika keki za oda, hapo ndipo mtaji mdogo unapumua.

Akiamua duka hata hivyo: daftari la mauzo na manunuzi tangu siku ya kwanza. Mwenye mauzo ya 7,200,000 kwa mwaka akiwa na daftari analipa 96,000. Bila daftari 250,000. Anapokwenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kukadiriwa awe na daftari mkononi, na kodi hiyo inalipwa kwa awamu nne. Namba ya mlipakodi na leseni viwe kwa jina lake.

---

Uyole_Juu amejibu:

Ndaga fijo wote. Mwanjelwa_Daftari, umenitisha kidogo lakini nimeelewa. Je, kama bibi akitoka Tukuyu akae na mtoto, si tunaokoa ile 160,000 ya dada?

---

Mwanjelwa_Daftari amejibu:

Bibi si bure. Huku mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Mei. Mkimchukua Novemba na Desemba mmemtoa shambani wakati wa kupanda, na gunia za mahindi asizovuna mtazinunua nyinyi. Aje akimaliza palizi, tena kwa makubaliano ya muda, na nauli yake mwilipe.

---

Slipu_Mafinga amejibu:

Narudi kwenye ile 160,000. Nani kasema ni gharama ya mama peke yake? Mtoto ni wa wote, na dada wa kazi anamwezesha baba kwenda ofisini kama anavyomwezesha mama. Gawanyeni kwa uwiano wa mishahara ya mkononi: mama 530,400 katika jumla ya 1,400,900, karibu asilimia 38. Fungu lake la 160,000 ni kama 60,600. Toa nauli na chakula 85,000. Kazi ya mama inaleta 384,800 kabla ya deni la Bodi. Kutoa gharama yote ya malezi kwenye mshahara wa mama na kuacha wa baba mzima ni desturi, wala haimo katika kanuni yoyote ya hesabu.

Ipo pia njia ya katikati ambayo haikutajwa. Aombe nusu muda kwa mwaka mmoja. Kwa 310,000: NSSF 31,000, kinachotozwa kodi 279,000, kodi ni asilimia 8 ya 9,000, yaani 720. Mkononi 278,280. Nusu ya 530,400 ni 265,200, kwa hiyo kwa nusu ya kazi anapata zaidi ya nusu ya pesa. Na mwezi wa mchango NSSF unahesabika kuwa mwezi, hata kama kiasi ni kidogo. Si haki ya kisheria, ni makubaliano, kwa hiyo yaandikwe: saa, mshahara, tarehe ya kurudi muda kamili. Ila asichukue nusu nyingine kwa mwajiri wa pili akidhani ni sawa. Ajira ya pili hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Ile 270,000 isiyotozwa inatumika kwa mwajiri mmoja tu.

---

Njombe_Hati amejibu:

Nimepita kwa ajili ya jambo moja ambalo wenzangu wamegusa juujuu: jina.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia mali iliyonunuliwa kwa jina la mwanandoa mmoja kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama akiacha mshahara wake akawa muuzaji kwenye duka lenye leseni ya baba, kwa fremu iliyokodiwa na baba, kwa akaunti ya baba, anafanya kazi isiyoacha alama popote. Kweli Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Lakini hiyo ni dawa ya baada ya ndoa kuvunjika, na mtu anakwenda nayo mahakamani akiwa na mashahidi na nauli.

Hali ni hiyohiyo vijijini. Mama anachuma chai Rungwe au kahawa Mbozi, mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ni baba, malipo yanaingia kwa baba. Halafu tunashangaa kwa nini mama anapendelea kulima bustani yake ndogo ya mboga kuliko kupalilia mti unaolipa zaidi. Anapeleka nguvu zake kule ambako pesa inafika mkononi mwake. Familia inayopanda parachichi sasa, ikijua mti wa kubebesha unaanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu, iandike uanachama wa wote wawili kabla ya mzigo wa kwanza.

Mtaji: badala ya kuchoma 3,000,000 za familia, aangalie mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake huomba kwa kikundi kilichosajiliwa, kuanzia watu watano. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vinavyokwama ni vile vilivyoundwa wiki moja kabla ya kuomba, bila mihtasari ya vikao wala akaunti yenye mzunguko.

---

Kihesa_Mikataba amejibu:

Suala la Makete halijajibiwa. Mama yuko sekta binafsi, kwa hiyo hana utaratibu wa kumfuata mwenza kama walio nao watumishi wa umma. Anayeweza kuutumia ni baba, lakini kinyume: akipangiwa Makete aombe kubaki au kurejea Mbeya kwa sababu ya mwenza, akiambatisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mama yenye tarehe ya kuajiriwa. Maombi yapitie kwa mwajiri wake na kwenye mfumo wa uhamisho wa watumishi. Wengi wanakosa kwa sababu hawana cheti cha ndoa, wana harusi ya kimila tu. Waende kuisajili mapema kwa msajili wa ndoa wa wilaya.

Barua hiyo ya mwajiri ina maana endapo mama bado yuko kazini. Akiacha sasa, sababu ya baba kubaki Mbeya nayo imekwenda.

---

Uyole_Juu amejibu:

Nimeelewa, wakuu. Wiki hii mama anachukua taarifa ya michango NSSF, anapeleka barua ya saa za kunyonyesha, na anamuuliza mwajiri kuhusu nusu muda. Slipu_Mafinga, kwenye nusu muda Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya 310,000 au ya 620,000?

---

Slipu_Mafinga amejibu:

Ya mshahara wa msingi anaolipwa mwezi huo. Kwa 310,000 ni 46,500, mkononi zinabaki 231,780. Mhasibu wa kampuni abadilishe mshahara wa msingi kwenye orodha ya malipo kabla ya kuandaa slipu ya kwanza. Akisahau, Bodi itaendelea kupokea 93,000 na kuirudisha huchukua muda.